Tusiwapelekee ndugu zetu wa Ruvuma ugonjwa tukidhani tunawapelekea mbuzi

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua. Hili jambo nimelisema kwenye grupu letu la wasapu mpaka wengine wameanza kuniona mkorofi, ila likitoka gazetini litawafikia na watu wa makundi mengine wenye nia kama yetu, maana sio sisi peke yetu tunaochangishana.

Sisi watu wa kusini hapa Mbagala tuko wengi, Wamakonde, Wamakua, Wayao, Wamwera, na kila ikisikika habari mbaya ya kule mpakani simu zinaanza kuita na michango inaanza. Zamani tulikuwa tunatuma unga, maharage na nguo. Safari hii watu wamekubaliana tuchangie mifugo kwa familia za vijiji vya bonde la mto Ruvuma, mkoani Mtwara mpakani na Msumbiji, zilizopoteza mbuzi na kuku wao kipindi cha kukimbiakimbia, na mimi wazo hilo naliunga mkono asilimia mia, tena nasema limechelewa. Tatizo langu ni pale wanaposema Jumamosi twende mnada wa mifugo wa Pugu, hapa pembeni ya jiji, tukachague mbuzi, tupakie kwenye Fuso, tushushe kijijini, tupige picha, basi kazi imeisha. Hapo ndio nasema hapana, na naomba watu wanisikilize kwanza.

Kwa wasiojua huko kwetu kukoje, vita ya Cabo Delgado ilianza Oktoba 2017 pale Mocímboa da Praia, upande wa Msumbiji. Miaka mitatu baadae, Oktoba 2020, wavamizi wakavuka mto wakaingia kijiji cha Kitaya mkoani Mtwara, wakaua watu na kuchoma nyumba, na Jeshi la Polisi lenyewe lilitangaza kwamba walikuwa kama 300. Machi 2021 ikavamiwa Palma, ambayo ni ng'ambo tu ya pili. Wanajeshi wetu wamefanya kazi kubwa sana kule na tunawashukuru, watu wamerudi majumbani, wanalima, wanavuna korosho. Lakini hofu haijaisha. Wazee wa huko wameshaishi na hofu hiyo tangu vita ya ukombozi ya Msumbiji, 1964 mpaka 1974, Mreno alipokuwa anatega mabomu ya ardhini mpaka upande wetu wa mto, kwahiyo mtu wa bonde la Ruvuma akisikia mlio usiku hasubiri kuambiwa, anabeba mtoto anaondoka.

Na akiondoka anaacha nini? Hapo ndipo panaponiuma. Watu wa Dar ukiwaambia mfugaji wanamuwaza Mmasai na ng'ombe zake mia mbili. Kule kwetu sio hivyo, bondeni kuna mbung'o, ng'ombe ni wachache toka enzi na enzi. Mfugaji wa kwetu ni mama mwenye mbuzi wanne, watano, kuku kumi na kitu, pengine na bata, wanalala nyuma ya nyumba kwenye banda la miti na uzio wa minyaa. Kwenye takwimu za mifugo za nchi hii huyo mama hata haonekani vizuri. Lakini wale mbuzi ndio benki yake. Korosho inauzwa kwa msimu, hela inapitia chama cha msingi cha ushirika, inaingia akaunti ya mzee, na mpaka ije imalize madeni ya salfa ya kupulizia mikorosho na ya duka mama hajaiona. Mbuzi anauzwa siku yoyote. Mtoto amepangiwa shule ya bweni anahitaji godoro na tranka, mbuzi. Mgonjwa anapelekwa hospitali ya Ndanda, mbuzi. Binti anatoka unyagoni, mbuzi. Kuku ndio kabisa, ndio chumvi na sabuni na daftari. Sasa familia ikipoteza hivyo vitu usiku mmoja unga wa msaada utawalisha mwezi, halafu? Baada ya hapo wanauza shamba, au kijana anakuja huku Mbagala kuendesha bodaboda, na kijiji cha mpakani kinabaki na wazee. Kijiji kikibaki na wazee hata ulinzi wa nchi unapungua, maana anayegundua sura ngeni kwanza ni mwanakijiji anayechunga mbuzi wake kule mtoni.

Nina mama mkubwa anaishi kimojawapo cha vijiji hivyo, sitakitaja. Usiku walioondoka kwenda kujificha kwenye mikorosho banda la mbuzi lilikuwa limefungwa kwa waya, kama kawaida, kwa ajili ya fisi na wezi. Hakuna aliyekumbuka kufungua, na ungekumbuka vipi. Waliporudi baada ya siku kadhaa mbuzi wote walikuwa wamekufa humo ndani kwa kiu, Oktoba ile, jua la kabla ya mvua, mmoja alikuwa ametafuna nguzo ya mlango mpaka ikabaki nyembamba kama kidole. Kuku waliokuwa wanalala juu ya mwembe walikuwepo karibu wote. Nasimulia hivi sio kwa ajili ya kuliza watu, nasimulia kwasababu yule mama siku hizi banda lake halifungi tena kwa waya, anafunga kwa kamba ya mkonge na fundo la kuvuta, ukivuta ncha moja tu mlango unaanguka, na wajukuu wote wanajua kwamba wa mwisho kutoka nyumbani anavuta kamba. Mbuzi akiwa nje atajitafutia majani na maji, anaweza kupotea lakini anaweza kuonekana pia. Hakuna semina iliyomfundisha hilo. Sasa jiulize mtu mwenye akili ya namna hiyo kwanini sisi tukae Dar tumpangie mbuzi wa aina gani tumpelekee bila kumuuliza.

Narudi kwenye Pugu. Mbuzi wa Pugu wanatoka Dodoma, Singida, Shinyanga na kwingineko, wanakutana mnadani hapo wakiwa wamechoka na safari, wanapumuliana, wananywa kwenye chombo kimoja. Kuna ugonjwa unaitwa sotoka ya mbuzi na kondoo. Binadamu haambukizwi, lakini mbuzi akiupata anaanza homa, makamasi puani na machoni, vidonda mdomoni, anaharisha, anapumua kwa shida, na kundi ambalo halijawahi kuchanjwa linaweza kufyekwa karibu lote. Na mbuzi anaweza kuwa ameshaambukizwa siku unayomnunua ukamuona mzima kabisa, mnene, anaruka, dalili zikaja kuonekana akiwa ameshashushwa kijijini amechanganyika na wenzake. Ugonjwa huu ulithibitishwa nchini mwaka 2008, kaskazini huko Ngorongoro. Mwaka 2010 ukaibuka kusini, Tandahimba na Newala, wilaya zetu hizi hizi, ukaua mbuzi wa watu. Watafiti walipofuatilia umefikaje kule, mbali vile na Ngorongoro, njia iliwarudisha kwenye mbuzi wapya walionunuliwa kwenye mnada wa pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam. Yaani ulitokea huku tunakotaka kwenda kununua sisi Jumamosi! Mtu aliyeleta wale mbuzi hakuwa na nia mbaya, alikuwa ananunua mifugo kama sisi.

Mtu anaweza kusema si tutachukua kibali. Kibali cha kusafirisha mifugo ni lazima, hilo ni sheria na sio hiari, lakini karatasi peke yake haimzuii mbuzi kukohoa. Ukitaka kupeleka mbuzi wa mbali kihalali na kwa usalama wachanjwe, halafu wakae pembeni peke yao kama wiki tatu wakiangaliwa kila siku kabla hawajachanganyika na mbuzi wa kijiji. Nani kati yetu hapa Mbagala ana eneo, majani na mtu wa kukaa nao wiki tatu? Halafu safari yenyewe ni zaidi ya kilomita 550 kwenye lori, na barabara ya kusini tunaijua wote, mwaka 2024 mvua na kimbunga Hidaya ziliikata kule Somanga magari yakakwama huku na huku. Wakifika hai wanakutana na mbung'o na kupe wa bondeni ambao hawajawahi kuwaona maisha yao. Mbuzi wetu wa kienyeji wa kusini ni wadogo, watu wa mnadani wanawadharau, lakini wamezaliwa humo humo.

Kwahiyo mimi ninachopendekeza ni kwamba hela yetu iende, mbuzi wabaki. Tununue mbuzi kule kule, vijiji vya juu huko, uwandani kwa Wamakonde, kwa watu ambao mbuzi wao wanajulikana na bwana mifugo wa kata, tena wakishachanjwa. Hapo hela inabaki ndani ya wilaya, muuzaji anafaidika na mnunuzi anafaidika, na mama aliyepoteza anakwenda mwenyewe kuchagua. Nasisitiza achague mwenyewe, maana yeye anajua kuangalia meno, chuchu na kwato, anajua mbuzi gani mama yake alizaa mapacha. Mkimpelekea madume ya kunona kwa ajili ya picha atayauza Idi na mwakani hana kitu. Wapewe majike, mawili mawili kwa kila kaya, na beberu mmoja wa kuzungukia kaya kadhaa, halafu watoto wa kwanza wa kike wa mbuzi hao wapewe jirani ambaye hakupata, ile ya kopa mbuzi lipa mbuzi ambayo mikoa mingi hapa nchini wameshaizoea kwa ng'ombe wa maziwa. Pale Naliendele, Mtwara, kuna kituo cha utafiti wa mifugo, wanajua mbuzi wa ukanda ule kuliko sisi wote, kwanini tusiwapigie simu kabla hatujatoa hata senti?

Na kuku jamani. Kwenye grupu watu wanaongea mbuzi, mbuzi, kuku wanaonekana kitu kidogo, lakini kwa kaya iliyorudi kutoka ukimbizini kuku ndio anaanza kuleta hela mapema kuliko chochote, tetea akitotoa leo baada ya miezi michache una kitu cha kuuza. Adui wa kuku ni kideri, huo mdondo, na unapiga zaidi kiangazi, kabla ya mvua, wakati huo huo ambao watu wa mpakani wanakuwa na wasiwasi zaidi. Chanjo ipo, ni ya tone moja la jicho, kila baada ya miezi mitatu, na ile inayovumilia joto inaweza kukaa wiki kadhaa nje ya friji kama imewekwa mahali pa baridi, wachanjaji wanaifunga kwenye kitambaa kibichi wanaitia kwenye kikapu wanaendesha baiskeli. Kinachoshinda sio bei, ni mpangilio. Kichupa kimoja kinatosha kuku mamia na kikishachanganywa hakilazwi, sasa mama mwenye kuku kumi na tano akanunue kichupa cha kuku mia mbili cha nini? Inabidi kijiji kizima kikubaliane siku moja, alfajiri kuku wakiwa bado ndani hawajatoka, mtu mmoja anapita nyumba kwa nyumba, mtoto ameshika kuku kichwa kikiwa ubavu, tone, mpaka limezwe na jicho, kuku anaachiwa, wa pili. Nimeona kijiji kikimaliza kabla jua halijawa kali, na mwaka ule hakuna aliyefukia kuku. Mchanjaji anaweza kuwa binti wa pale pale aliyemaliza form foo amekaa tu nyumbani, anafundishwa, analipwa kidogo kwa kila kuku.

Hili la mtu wa pale pale nataka nilikazie kwasababu ndio tofauti kubwa kati ya kijiji cha kawaida na kijiji cha mpakani. Afisa mifugo wa serikali ni mmoja kwa vijiji vingi, pikipiki ipo mafuta hakuna, na hali ikichafuka kidogo tu yeye anaambiwa asiende, na ni haki yake, ana familia. Wiki hizo ambazo hakuna mtaalamu anayefika ndio wiki ambazo mifugo inachanganyika hovyo, watu wamekimbilia kwa ndugu na mbuzi wao, mabanda ya vijiji vitatu yamekuwa banda moja, magonjwa yanasambaa. Anayebaki ni kijana wa kijiji. Akiwa amefundishwa kuchanja, kuogesha, kutibu kidonda, kutambua sotoka na kupiga simu wilayani haraka, mifugo ya watu inapona hata kama barabara imefungwa. Msisahau pia madalali, maana wao wanafika hata siku ambazo bwana mifugo hafiki. Watu wakiwa wanakimbia wanatokea na pikipiki, mbuzi wa laki na nusu anachukuliwa elfu arobaini, elfu hamsini, na mwenye mali anashukuru kwasababu angemuacha angepata sifuri. Kama ushirika au halmashauri ingekuwa na sehemu ya kupokea mifugo ya wanaokimbia, hata uwanja wenye uzio na maji na mtu wa kuandika, yule mama asingeuza kwa bei ya kuku.

Kuandika ndio kitu kingine. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na vijiji vyetu vingi havina daftari la mifugo midogo. Siku wakubwa wanakuja kuuliza umepoteza nini watu wanataja kwa kumbukumbu, mwenye sauti kubwa anaandikiwa ishirini, mjane aliyekuwa na sita anaandikiwa mbili. Tunayo Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022, tunayo sheria ya utambuzi na usajili wa mifugo tangu 2010, na mwaka 2025 serikali ilizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, ng'ombe, mbuzi na kondoo kwa bei ya ruzuku na kuku wa asili bure, sotoka na kideri vyote vimo. Hiyo ni fursa kubwa kuliko mchango wowote wa grupu. Mbuzi mwenye hereni ya utambuzi sikioni akipotea usiku wa kukimbia akaonekana kijiji cha tatu anarudi kwa mwenyewe bila ugomvi wa mashahidi. Na hiyo sotoka chanjo moja inamkinga mbuzi miaka mitatu au zaidi, dunia nzima imeshapanga kuitokomeza kabisa ifikapo 2030. Kampeni kama hii kawaida inaanzia kwenye ng'ombe wengi, na hilo naelewa, lakini naomba kwa dhati vijiji vya kando ya mto, Nanyumbu, Newala, Tandahimba na Mtwara vijijini, vipewe kipaumbele japo idadi ya mifugo yao ni ndogo, kwasababu mifugo hiyo iko pale ambapo watu na wanyama wanavuka mto huku na huku na ugonjwa hauulizwi pasipoti.

Halmashauri nazo zina ile asilimia kumi ya mapato yao inayotolewa kama mikopo kwa akina mama, vijana na watu wenye ulemavu, iliyosimamishwa 2023 ikarudishwa 2024. Kikundi cha akina mama wa kijiji kilichotawanyika kwa hofu hakiwezi kuleta mihtasari ya vikao ya miezi yote, wawekewe utaratibu wao. Na muda wa kulipa uendane na mbuzi anavyozaa, mbuzi anabeba mimba miezi mitano, hauwezi kumdai mtu marejesho mwezi wa pili.

Wenzangu wa grupu walioniuliza sasa hela ifanye nini nawajibu hapa hapa mbele ya wasomaji. Mwenyekiti wa kijiji na bwana mifugo wa kata watoe majina ya kaya zilizopoteza, majina yasomwe kwenye mkutano wa kijiji, kila mtu asikie. Sehemu ya kwanza ya mchango ilipie mafunzo na vifaa vya wachanjaji wawili kwa kila kijiji, mmoja mwanamke. Chanjo ya mbuzi na kuku ifanyike mwezi wa nane au wa tisa, kabla korosho hazijaanza kuanguka, maana zikianza hakuna mtu atakayekaa nyumbani kushika kuku. Mbuzi wanunuliwe baada ya hapo, kule kule. Na kwa ofisi zinazohusika huko wilayani, tunachoomba kutoka kwenu kwa sasa ni ratiba, tarehe ya chanjo kwa kila kijiji cha kando ya mto, ibandikwe ofisi ya kata na sisi mtutumie, mafuta ya pikipiki kwa siku hizo tutachangia.

Msomaji wako,
Mwana wa Kusini,
Mbagala, Dar es Salaam